Uyoga mamama kwa anayeanza: kuuchagua, kuupika na kuula bila kujidhuru

Nauza uyoga, na maswali ninayoletewa ni yale yale. Huu unatibu sukari? Naweza kuusaga nikanywa na maji ya moto asubuhi? Mama ana presha, ale kiasi gani? Mbona wangu umefika nyumbani unateleza? Nimechoka kurekodi sauti ndefu kila jioni, kwa hiyo nimeyaandika yote hapa. Ukisoma mpaka mwisho utaweza kuununua, kuupika na kuula bila kunipigia simu. Ukinipigia ili kununua, hilo ni jambo jingine.

Nazungumzia uyoga mamama, ule mweupe au wa kijivu unaoota kwa vishada, shina likiwa limeungana na kofia pembeni badala ya katikati. Ndio wanaoulima wakulima wengi wadogo wa Dar na Pwani, kwa sababu unavumilia joto letu na unaota kwenye mabua makavu ya mpunga au maganda ya mbegu za pamba. Supamaketi utakuta pia vifungo, yaani ule mviringo, na shiitake mkavu unaotoka China. Mengi ya humu yanafaa kwa hao nao. Pale wanapotofautiana nitasema.

Niseme msimamo wangu mapema: uyoga ni mboga nzuri sana na ni dawa dhaifu. Anayeula kama mboga atafaidi. Anayeufanya dawa ndiye anayeishia pabaya, na mara nyingi kinachomwangusha ni vidonge alivyoviacha kabatini.

Faida zake, bila kuongeza chumvi

Gramu 100 za mamama mbichi zina maji kama asilimia 90, kalori zipatazo 33, protini gramu 3 hivi na nyuzinyuzi gramu 2. Kwa hiyo yule anayekuambia uyoga una protini kama nyama anakusomea takwimu za uyoga mkavu na kukuuzia mbichi. Kipande cha nyama cha uzito huohuo kina protini zaidi ya gramu 20. Ukiacha nyama kabisa, protini itafute kwenye maharage, choroko, mayai na dagaa, na uyoga uwe mwenzao sahanini. Vitamini B12 pia usiitegemee humo.

Uzuri wake uko kwingine. Una niasini, mojawapo ya vitamini za kundi B, kiasi cha theluthi moja ya mahitaji ya mtu mzima kwa siku katika hizo gramu 100. Una potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, jambo linalomfaa mwenye presha. Una betaglukani, aina ya nyuzinyuzi inayoweza kusaidia kupunguza kolesteroli na inayofaa utumbo. Na ukiuanika juani unatengeneza vitamini D, jambo ambalo mchicha na matembele hayawezi. Hilo lina hatua yake hapo chini.

Kuhusu kolesteroli, mamama una kiasi kidogo cha lovastatini ya asili, kemikali ileile iliyokuja kuwa kidonge cha kushusha kolesteroli. Watu husikia hapo wakaishia hapo. Ujerumani, watu 20 waligawanywa makundi mawili: kundi moja lilikula supu yenye gramu 30 za mamama mkavu kila siku kwa siku 21, jingine supu ya nyanya, na waliokula uyoga mafuta yao ya damu yakashuka kiasi. California, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliwapa watu wanaotumia ARV gramu 15 za mamama mkavu kwa siku kwa wiki 8, na kolesteroli yao haikushuka. Gramu 30 za mkavu ni karibu gramu 300 za mbichi, kila siku ya Mungu. Pima mwenyewe kama jikoni kwako hilo litadumu mwezi.

Na kansa, kwa kuwa hilo nalo huulizwa kwa sauti ya chini: Japani kulikuwa na dawa inayoitwa lentinani, iliyotolewa kwenye shiitake, ambayo hospitali ziliwachoma wagonjwa wa saratani ya tumbo sambamba na dawa zao za kemikali. Ilikuwa sindano iliyosafishwa. Mchuzi wa shiitake ni mchuzi.

Kabla ya kuanza: nani amuulize daktari kwanza

Kwa mtu mzima mwenye afya, mboga ya uyoga uliopikwa vizuri haina mashaka. Mjamzito naye anaweza kula, mradi umeiva sawasawa. Lakini omba ushauri hospitalini unakotibiwa kama uko katika kundi lolote kati ya haya:

- Figo zako zina shida na umeambiwa upunguze potasiamu.
- Una jongo linaloamka mara kwa mara. Uyoga una purini za wastani, si nyingi kama maini au dagaa, lakini zipo.
- Unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari na umeamua kubadilisha mlo wako wote kwa mkupuo. Ukipunguza wanga ghafla huku dozi ni ileile, sukari inaweza kushuka kupita kiasi.
- Umepandikizwa kiungo, au unatumia dawa za kupunguza kinga ya mwili.
- Umewahi kupata mzio wa uyoga au ukungu wa aina yoyote.

Vitu vya kuwa navyo

Uyoga gramu 200 hadi 250, unaotosha watu wawili au watatu. Kikaango kipana, au sufuria ya chini pana. Kisu. Kitambaa safi kikavu. Mfuko wa kaki au karatasi isiyo na maandishi. Ungo au sinia kwa ajili ya kuanika. Mafuta, kitunguu maji, kitunguu saumu, nyanya, tui la nazi na chumvi. Blenda haimo kwenye orodha, na sijasahau.

Hatua kwa hatua

1. Nunua uyoga uliolimwa, kwa mtu unayeweza kumuuliza.

Muulize amevuna lini na ameotesha kwenye nini. Swali la pili wengi hulipuuza. Uyoga hufyonza kilichomo kwenye malighafi ulikoota, yakiwemo madini mazito na mabaki ya dawa za wadudu. Mkulima anayejua kazi yake atakujibu papo hapo: mabua ya mpunga, yamechemshwa, yamewekwa chokaa kidogo. Anayebabaika, mwache na bidhaa yake.

Kama umeshafungashwa, angalia tarehe, jina la mzalishaji na alama ya TBS, Shirika la Viwango. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa chakula uko TBS. TMDA, mamlaka ya dawa, imebaki na dawa na vifaa tiba.

2. Ukague kabla ya kulipa.

Geuza kishada uangalie chini ya kofia. Matamvua yawe meupe au ya krimu, makavu, yasiyoshikana. Kingo za kofia za uyoga mchanga huwa zimejikunja kidogo kuelekea chini. Zikiwa zimenyanyuka juu, zimepasuka na kuwa za njano, umekaa. Bonyeza kofia kwa kidole: irudi, isibaki na shimo. Kisha nusa. Mamama mzuri una harufu hafifu, ya udongo na ya utamu kwa mbali. Harufu ya uchachu, ya mkojo au ya samaki aliyelala ni kwaheri.

Unga mweupe juu ya kofia za chini usikutishe. Ni vijimbegu vilivyodondoka kutoka kofia ya juu yake. Utando mweupe wa pamba kwenye shina nao ni uyoga wenyewe ukiendelea kukua. Cha kukataa ni madoa ya kijani, meusi au ya waridi, na utelezi.

3. Ufikishe nyumbani haraka.

Hapa ndipo Dar inapotuonea. Uyoga uliovunwa alfajiri Kibaha ukashinda kwenye trei iliyozibwa na nailoni, kisha ukakaa saa mbili kwenye daladala mchana wa Februari, unafika umetoa jasho. Nunua asubuhi, au mwisho wa safari zako. Ukiagizia bodaboda, mwambie asiuweke kwenye boksi lililochemka juani wala asiubane na mzigo mwingine.

Ukifika, toa nailoni yote. Uweke kwenye mfuko wa kaki, uukunje mdomo bila kuubana, uingize kwenye friji. Hapo una siku 4 au 5. Bila friji, upike siku hiyohiyo. Umeme ukikatika usiku kucha, asubuhi usiuonee huruma: uchague, mzuri upike, unaoteleza tupa.

Onyo: usihifadhi uyoga mbichi kwenye kontena lililobanwa nje ya friji, na usitengeneze uyoga wa kwenye mafuta ukauacha kabatini. Sehemu isiyo na hewa, yenye joto, ndiyo inayopendwa na bakteria wa botulizimu, na sumu yake haina harufu wala ladha ya kukuonya.

4. Uanike juani kabla ya kupika, ukitaka vitamini D.

Wengi hapa mjini tunaishi kwenye jua kali ila tunalikwepa kutwa nzima: ofisini, dukani, ndani ya gari, chini ya baibui na mikono mirefu. Uyoga unaweza kukufanyia sehemu ya kazi hiyo. Ndani yake kuna ergosteroli, ambayo ikipigwa na miale ya jua hugeuka vitamini D2.

Uchane vipande, upange kwenye ungo matamvua yakitazama juu, uweke kwenye jua la moja kwa moja kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Nusu saa hadi saa moja inatosha. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halifai, kwa kuwa kioo huzuia miale inayohitajika. Funika na chandarua chepesi kama nzi ni wengi. Utakuta umesinyaa kidogo, na hivyo ndivyo unavyotakiwa kuwa. Upike mara moja, usiurudishe kwenye friji. Sehemu kubwa ya vitamini hiyo hubaki hata ukishapikwa.

5. Usafishe, usiuloweke.

Mamama wa bandani hauna mchanga kama mchicha. Kata ncha ngumu ya shina iliyoshikana na mabaki ya mabua, futa kwa kitambaa, na kama ni lazima usuuze chapchap chini ya bomba kisha ukung'ute. Ukiuloweka unanyonya maji, na baadaye utakuja kuniambia uyoga wangu hauna ladha. Halafu uchane kwa mikono kufuata nyuzi zake, vipande vya upana wa kidole. Kisu kiache kwa ajili ya mashina.

6. Upike mpaka uive kabisa. Hii hatua haina njia ya mkato.

Mamama mbichi una protini zinazoweza kuharibu chembe za damu na kusumbua tumbo, lakini joto la kupikia huziua. Kuta za chembe zake pia zimejengwa kwa kitini (chitin), nyuzinyuzi ngumu ambazo tumbo la binadamu halizimudu vizuri. Kwa hiyo kachumbari ya uyoga mbichi hapana, juisi ya uyoga mbichi hapana, na kuuchovya kwenye maji ya moto kisha kuuita umeiva, hapana.

Shiitake ndio mkorofi zaidi. Ukiuliwa mbichi au nusu mbichi, baadhi ya watu hutokwa na mistari mirefu myekundu yenye kuwasha, mgongoni na mikononi, siku moja hadi tatu baadaye. Kwa kuwa imechelewa, mtu hulaumu sabuni au samaki wa jana.

Fanya hivi:

Pasha kikaango moto wa kati, bila mafuta. Mimina uyoga, usiujaze ukalaliana. Kama ni mwingi, pika kwa mafungu mawili. Baada ya dakika mbili utaanza kutoa maji, na kikaango kitalia kama mvua kwenye bati. Acha. Geuza mara mojamoja. Maji yakikauka sauti inabadilika, inakuwa ya kuchacharika, na kingo zinaanza kuwa za hudhurungi. Hapo, kama dakika ya saba au ya nane, ndipo unapoweka mafuta kijiko kimoja au viwili, kitunguu maji, kisha kitunguu saumu. Kaanga mpaka kitunguu kilainike. Weka nyanya iliyokatwakatwa, ipondeke. Mimina tui zito la nazi nusu kikombe, koroga, punguza moto, acha lichemke taratibu dakika kumi. Chumvi iwe ya mwisho, kwa kuwa ukiiweka mapema inavuta maji na uyoga unabaki unachemka badala ya kukaangika.

Jumla ni dakika ishirini na tano hivi. Ule na ugali, wali au chapati. Ukiwa na mwenye presha nyumbani, acha vidonge vya kiungo cha mchuzi. Ni chumvi tupu, na hapo faida ya sodiamu kidogo umeshaitupa jalalani.

7. Mara ya kwanza, onja kidogo.

Kama hujawahi kula uyoga, kula vijiko viwili au vitatu vya uliopikwa, usubiri hadi kesho yake. Usianze siku hiyohiyo na chakula kingine kigeni, maana ukipata vipele hutajua nani mwenye kesi. Midomo ikivimba, kifua kikibana au pumzi ikikata, nenda hospitali saa hiyohiyo, usisubiri kuona kama kutatulia.

8. Ukishakubali, uweke kwenye mzunguko wa mboga.

Gramu 100 hivi za mbichi kwa mtu mzima, yaani viganja viwili vya uliochanwa, mara mbili hadi nne kwa wiki. Hakuna haja ya kila siku. Njia nzuri kuliko zote ni kuutumia kupunguza kitu kingine: nusu ya nyama ya kusaga kwenye sambusa iwe uyoga, au mchuzi wa nyama robo kilo ubebwe na uyoga robo kilo. Hapo umepunguza mafuta, umeongeza nyuzinyuzi, na mfuko nao umepumua.

Onyo la hatua hii: dawa zako za presha, sukari, kolesteroli au ARV zinaendelea kama zilivyo. Endelea kupima kama kawaida. Vipimo vikibadilika, anayepunguza dozi ni aliyeiandika.

9. Kausha wa ziada.

Kilo moja ya mbichi itakupa karibu gramu 100 za mkavu. Chana vipande vyembamba, panga bila kulaliana kwenye kikaushio cha jua au kwenye wavu ulioinuliwa juu, hewa ipite chini. Kiangazi, siku mbili za jua zuri zinatosha. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, usijisumbue na kamba za nje: hewa yenyewe ina maji, uyoga utaota ukungu kabla haujakauka. Tumia oveni ya moto mdogo, nyuzi 50 hadi 60, mlango ukiwa wazi kidogo, au pika ule.

Umekauka ukiukunja na kukatika kwa mlio. Ukipinda tu, rudisha. Weka kwenye chupa kavu yenye kifuniko kinachobana. Ukitaka kuutumia, loweka kwenye maji ya vuguvugu dakika 20 hadi 30, kisha upike kama wa mbichi. Unga wa uyoga nao unapikwa: kijiko kimoja kwenye uji wakati unachemka au kwenye mchuzi. Kukoroga kwenye glasi ya maji na kugugumia si kupika.

Uyoga wa kuokota

Mvua za kwanza zikinyesha, uyoga huchomoza uani, chini ya miembe na kwenye misitu ya Pugu, na kila mwaka kuna anayetuma picha akiuliza kama huu unalika. Jibu langu ni moja na halibadiliki: kwa picha sikwambii. Usiule.

Najua wapo waliokulia Iringa, Songea au Kigoma, ambao bibi zao waliokota uyoga msituni na hawakuumwa hata siku moja. Bibi alijua uyoga wa msitu ule. Ujuzi huo hausafiri na basi mpaka Kimara. Na majaribio ya mtaani, ya kuangalia kama kijiko cha fedha kimebadilika rangi, kama kitunguu kimegeuka rangi sufuriani, au kama konokono ameutafuna, yote ni ya uongo. Konokono anaweza kula uyoga utakaokuua.

Aina mbaya kuliko zote zina sumu inayoitwa amatoksini. Kupika hakuiondoi, kukausha hakuiondoi. Mtu anakula, anasifia utamu, analala. Saa 6 hadi 24 baadaye anaanza kutapika na kuhara vikali. Kisha, siku inayofuata, anapata nafuu, watu wanamshukuru Mungu, na huku ini linaendelea kufa. Nafuu hiyo ndiyo inayowachelewesha wengi. Aliyekula uyoga wa kuokota akaanza kutapika, apelekwe hospitali kubwa iliyo karibu mara moja, na mabaki ya uyoga yabebwe, hata yaliyopikwa. Usimpe maziwa, usimlazimishe kutapika, usimpondee mkaa. Wote waliokula sufuria ile waende, hata wasiojisikia vibaya.

Vidonge, kahawa na unga wa "uyoga dawa"

Nyingi ya hizi zinazopita maofisini na kwenye vikundi zimetengenezwa na ganoderma, uyoga mgumu na mchungu usioliwa kama mboga. Una historia ndefu China, lakini si mamama, na maneno yaliyoandikwa kuhusu mmoja hayahamii kwa mwingine. Zipo ripoti za kitabibu za watu walioumia ini baada ya kutumia unga wake, na unaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini au aspirini. Muuzaji akikuambia unatibu sukari, presha, vidonda vya tumbo na nguvu za kiume kwa pakiti moja, muulize namba ya usajili wa TMDA, halafu mtazame usoni. Ukishazitumia tayari, mwambie daktari wako, hasa kabla ya upasuaji.

Ukikwama

*Umejaa maji kwenye kikaango na haukaangiki.* Umeujaza, au moto ni mdogo, au uliuloweka. Gawanya mafungu mawili, ongeza moto. Maji usiyamwage, yana ladha. Acha yakauke humohumo.

*Unavutika mdomoni kama hautafuniki.* Ni mashina ya uyoga uliokomaa sana. Siku nyingine yakate, uyachemshe kwa supu. Sahani ya leo iongezee maji kidogo, funika, dakika kumi nyingine.

*Mchungu.* Kitunguu saumu kimeungua, au uyoga umezeeka. Kama ni uzee, harufu ilikwambia ukajifanya husikii.

*Tumbo limejaa gesi.* Umekula mwingi kwa mara ya kwanza, au hukutafuna vizuri. Rudi kwenye vijiko vitatu, uongeze wiki hadi wiki. Ikiendelea kila ukila, tumbo lako limekataa, na mboga nyingine zipo.

*Uliopikwa umelala nje usiku kucha.* Tupa. Kwa joto la hapa, uliopikwa usikae nje zaidi ya saa moja au mbili. Kwenye friji siku mbili, na upashwe moto mara moja tu mpaka uchemke.

*Mkavu una harufu ya vumbi na madoa.* Umepata unyevu. Usiuanike upya ukiamini jua litauokoa. Ukungu ukishaingia, chupa nzima inaondoka.

*Nimeanza kulima mwenyewe, sasa nakohoa.* Umeweka mifuko chumbani au sebuleni. Uyoga unaokomaa hutoa vijimbegu vingi sana hewani, na wakulima wa uyoga wanajulikana kupata ugonjwa wa mapafu kwa ajili hiyo. Hamishia banda nje, vuna kabla kingo za kofia hazijanyanyuka, vaa barakoa ukiingia. Kifua kikiendelea kubana, mwone daktari na umwambie unalima uyoga. Usipomwambia, hatakuwa na sababu ya kukuuliza.

*Nimekula wiki tatu, presha haijashuka.* Uliongeza uyoga, lakini je, ulipunguza chumvi? Je, vidonge unakunywa? Kama majibu yote mawili ni ndiyo, rudi kliniki, kwa kuwa hapo tatizo haliko tena jikoni.

*Watoto wanaukataa.* Ukatekate mdogo kabisa, ukaange mpaka uwe wa hudhurungi, uchanganye kwenye mayai au nyama ya sambusa. Usiwaambie ni nini mpaka wameomba waongezewe.